Neno la Bibi Lina Pointi Ngapi?

Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo. Si mpira, maana mpira una wasemaji wake na wanatosha. Nataka tuzungumze juu ya mchezo wa maneno uitwao Scrabble. Kwa wasioujua, ni ubao wenye vyumba 225, yaani 15 kwenda juu na 15 kwenda upande, pamoja na vipande 100 vya herufi vinavyotiwa mfukoni. Kila mchezaji huchota vipande saba bila kutazama, akavipanga mbele yake kwa siri kama mtu aliyeshika karata, na zamu yake ikifika huunda neno kwa kuliunganisha na maneno yaliyokwisha kuwekwa ubaoni. Herufi zina bei. Zile za kila siku zina pointi 1, na zile adimu, kama Q na Z za Kiingereza, zina pointi 10 kila moja. Ukiweza kuvitumia vipande vyako vyote saba kwa mara moja unaongezewa pointi 50. Tafadhali zikumbuke hizo 50, kwa sababu ndizo zilizonitia aibuni ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mchezo huo niliununua katika mitumba ya Karume, hapa Dar es Salaam. Boksi lake lilikuwa limechakaa, lakini vipande vyote 100 vilikuwamo. Nilivihesabu palepale mbele ya muuzaji hadi akakasirika. Nilikuwa na sababu yangu. Watoto wangu watatu wanasoma shule za Kiingereza, na mimi, kama wazazi wengi wa mjini, nilitaka ada ile nionje matunda yake. Basi kila jioni baada ya chakula tukawa tunatandika mkeka sebuleni, tunaweka ubao katikati, na Kiingereza kinaanza kumiminika. Binti yangu mkubwa, aliye kidato cha tatu, alikuwa akitushinda sote. Nilikuwa nikimsikia akibishana na wadogo zake kwa Kiingereza cha puani, nami moyoni nasema, naam, fedha haijapotea bure.

Kisha akaja mama yangu.

Mama anaishi Pangani. Alikuja mjini kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari akamwambia asiondoke mpaka apite siku za kutazamwa tena. Upasuaji ulikwenda salama. Baada ya siku chache akawa anatuambia rangi za nguo za watu waliopita ng'ambo ya barabara. Lakini ilipofika jioni, mkeka ukitandikwa, yeye alikuwa akisogeza kigoda chake hadi mlangoni, akatugeuzia mgongo na kuangalia nje. Nilidhani anapunga upepo.

Usiku mmoja mama watoto akaniambia, "Mama anataka umkatie tiketi ya basi la Tanga. Hataki kungoja siku ya daktari." Nikaenda kumwuliza kama kuna aliyemkosea. Akasema hakuna, watoto wana adabu, wanaamkia asubuhi na jioni. Ila akaongeza, bila kunitazama, "Hapa sina wa kuzungumza naye, baba."

Nyumba ya watu sita, ndugu msikilizaji, na wote sita wanajua Kiswahili.

Kesho yake nikatangaza kwamba tutacheza kwa Kiswahili, na Bibi atacheza. Watoto wakanuna kidogo, kisha wakakubali kwa kuwa walijua watashinda. Mama alisema hajui michezo ya kizungu. Nikamwambia ni kusoma na kuandika tu, na hayo anayajua. Hapo sikumdanganya. Mama hakupelekwa shule utotoni. Alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, na mwaka 1973, akiwa msichana wa miaka 17, alikuwa mmoja wa wale waliokaa chini ya mwembe kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, kitabu mkononi, mwalimu mbele, na kipindi kikiisha watu wanajadiliana. Redio ikasema chimbeni vyoo, wakachimba. Husoma polepole, akiitaja silabi kwa midomo, lakini harukii kitu.

Basi tukaanza, na hatukufika mbali. Mama alichota vipande vyake, akavitazama kwa muda mrefu, akasema anataka kuandika "kuku" ila ana K moja tu. Binti yangu akamweleza kwamba K ni moja katika boksi zima. Mama akainua uso. "Kwani Wazungu hawana kuku?"

Tulicheka, lakini alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Chukua sentensi hii ya kawaida: Watoto wanakula ugali na maharage jikoni kwa bibi. Ukiihesabu utapata herufi 42. Kati ya hizo A peke yake ni 10, na boksi la Kiingereza lina A 9. K zinahitajika tatu, nalo lina moja. W zinahitajika tatu, nalo lina mbili. Hata ukivitumia vile vipande viwili vitupu, ambavyo huruhusiwa kusimama badala ya herufi yoyote, bado unapungukiwa. Boksi zima la vipande 100 linashindwa kuwapeleka watoto jikoni kwa bibi yao. Wakati huohuo zimo E 12, na sentensi yetu imetumia moja. Q na X zimekaa tu kama wageni waliokosea nyumba.

Si kwamba aliyeutunga mchezo alitaka kutunyima. Mtu huyo, Mmarekani aitwaye Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo katika jimbo la New York aliyepoteza kazi miaka ya 1930, wakati uchumi wa dunia ulipoporomoka. Kwa kuwa hakuwa na majumba ya kuchora, akakaa kutunga mchezo. Ili ajue aweke herufi ngapi za kila aina, alichukua magazeti, likiwamo New York Times, akahesabu herufi moja moja kwa kalamu. Hata S akaziweka nne tu, makusudi, kwa sababu kwa Kiingereza ukibandika S nyuma ya jina umekwisha kupata wingi, naye hakutaka watu washinde kwa uvivu. Makampuni yaliukataa mchezo wake miaka na miaka. Mwaka 1948 mtu mwingine, James Brunot, ndiye aliyeuchukua na kuupa jina la Scrabble, na mwaka 1949 alitengeneza maboksi 2,400 akapata hasara ya dola 450. Faida ilikuja baadaye, kuanzia mwaka 1952. Butts alifariki dunia mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 93, na watu wa mataifa mengi wanacheza hesabu aliyoipiga kwa gazeti la kwao.

Nikasema, ikiwa yeye alihesabu gazeti lake, na sisi tuhesabu letu. Jumamosi nzima ikaenda hivyo. Kila mtoto akapewa ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili na penseli, na mama watoto akawa mwandishi wa hesabu. Matokeo yake hata asiyehesabu angeyajua: A iliwaacha wenzake mbali, nyuma yake wakija akina I, N, U, K na M. Tukakata vipande vipya kwa karatasi ngumu ya boksi la biskuti, tukaongeza A nyingi, K na W nyingi, tukapunguza E, tukazifukuza Q na X. K ambayo kwa Kiingereza ni ya pointi 5, kwetu ikashuka hadi pointi 1. Ukatokea ubishi juu ya C, kwa kuwa katika Kiswahili C haitembei bila H, tukaamua CH iwe kipande kimoja. Ng'ombe alitusumbua kwa sababu ya kile kialama chake. Kijana wa darasa la sita akataka kialama kiwe na kipande chake na pointi zake. Mdogo wake akasema basi na nukta nayo idai haki. Tukakubaliana kwamba ng'ombe ataingia zizini bila kialama. Vipande vyote tukavitia katika foronya ya mto.

Nilifikiri kazi imekwisha, kumbe kazi yenyewe ilikuwa bado. Kwa Kiingereza, ubishi ukitokea unafungua kamusi, limo au halimo, basi. Lakini Kiswahili hukua mbele na nyuma. Kamusi itakupa "pika". Haitakupa "nimempikia", "wakipikiana", wala "asingepika", ingawa hayo ni maneno halali yanayosemwa katika kila nyumba. Tukikataa kila lisilo katika kamusi, tunakata mikono na miguu ya lugha. Tukikubali kila kitu, watoto watabandika silabi ovyo. Kama baba wa nyumba nikaweka sheria, na naomba muisikilize vizuri kwa sababu niliiweka mimi: neno likipingwa, aliyeliweka alitumie katika sentensi ambayo mtu angeweza kumwambia mwenzake nyumbani au dukani, na mwenzake akaelewa. Akishindwa, neno linaondolewa.

Sheria ile ilimgeuza mama yangu kuwa hakimu.

Siku ya kwanza aliweka vipande vinne: K, I, L, I. Watoto wakaangua kicheko. "Bibi, Kili ni mlima! Majina ya pekee hayaruhusiwi." Mwingine akasema, "Au Bibi anatuletea bia mezani?" Mama hakucheka wala hakukasirika. Akauliza, "Mmekalia nini?"

Wakatazama chini. "Mkeka."

"Huo mkeka umeshonwa kwa nini?"

Kimya. Mama akainama, akapitisha kidole juu ya mkeka, kutoka upande mmoja hadi mwingine, akiufuata mshono. "Huu mmoja ni ukili. Huu hapa mwingine. Ukisuka nyingi ni kili, ukizishona pamoja unapata mkeka. Mkeka huu una kili zangu mwenyewe. Nilimpa baba yenu alipooa." Nilikwenda kuhakikisha katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa na TUKI mara ya kwanza mwaka 1981, nikaikuta chini ya U: ukili, wingi wake kili. Lakini kusema kweli hakuna aliyekuwa akiingoja kamusi. Watoto walikuwa wameshahama kwenye mkeka na kuuinua, wanahesabu kili. Kwa miaka mingi walikuwa wameyakalia maneno hayo wakiandika ya Kiingereza juu yake. Nami pia nilikuwa nimeyakalia.

Siku nyingine palikuwa na neno "pikia" karibu na ukingo wa kulia wa ubao. Mama akatanguliza mbele yake A, T na U, likawa "atupikia". Binti yangu akapinga: "Ni 'anatupikia', Bibi. Hilo umelikata." Mama akatoa sentensi yake: "Shangazi atupikia leo, nyie kaeni." Binti akanitazama mimi, mtu wa redio, akitaka hukumu. Nikasema ni sahihi, ndivyo watu wa pwani wasemavyo, na hata vitabuni limo. Akanyamaza. Ndipo yule mdogo wa darasa la nne, ambaye tulikuwa tukimhurumia na kumpa pointi za bure, akatulia, akavitazama vipande vyake, akaviweka kimoja kimoja mbele ya neno la bibi yake: H, A, W, A, T. Likasomeka "hawatatupikia". Herufi 13 mstari mmoja, nusura uishe ubao. "Shangazi zetu wamekasirika," akasema, "hawatatupikia." Mama alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kama tumepata mchumba.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Ilikuwa jioni ya juma la pili, nikiwa nyuma kwa pointi nyingi, nikachota vipande, nikavipanga, mikono ikaanza kunitetemeka. M, CH, A, K, A, T, O. Mchakato! Vipande vyote saba! Nikatafuta mahali pa kuliegemeza, nikaona N moja, A yangu ikasimama ubavuni mwake ikafanya "na", nikaliweka kwa kishindo na kudai pointi zangu 50. Nikamtazama binti yangu kama mtu aliyefunga bao dakika ya mwisho.

Mama akasema, "Napinga."

"Mama, neno hili limo katika kamusi. Nalisoma katika taarifa ya habari kila siku."

"Nalisikia. Sema sentensi."

Nikasema, "Mchakato wa kuandaa chakula cha jioni unaendelea vizuri."

"Yaani wanapika?"

"Ndiyo."

"Basi si useme wanapika."

Watoto wakaanza kubana vicheko. Nikajaribu tena: "Mchakato wa ujenzi wa choo cha shule umekamilika."

"Choo kimejengwa," akasema mama. "Tena hilo nimelielewa kwa sababu umetaja choo."

Nikakaza mwendo. "Mchakato wa kuchimba kisima kijijini umeanza."

"Wamechimba?"

"Bado."

"Wamefika na majembe?"

"Bado, mama. Wameanza mchakato."

"Basi hawajaanza," akasema. Kisha akainama, akaviokota vipande vyangu kwa taratibu, M hadi O, akanirudishia mkononi. Hakuna aliyenitetea. Sheria nilikuwa nimeiweka mwenyewe.

Usiku ule sikulala vizuri, si kwa ajili ya pointi 50. Niliwaza habari nilizosoma mwaka ule, nikijaribu kuzipeleka mbele ya mama moja moja. Mchakato wa kuwalipa wastaafu unaendelea. Wamelipwa? Mchakato wa kutengeneza barabara upo katika hatua za mwisho. Magari yanapita? Wapo wenzangu kazini watakaosema kwamba neno hili halina kosa, kwamba sayansi inalihitaji na serikali inalihitaji, na sitabishana nao. Yapo mambo ambayo kweli hupitia hatua nyingi na yanahitaji jina. Ila redio iliyomwambia msichana wa miaka 17 "chimbeni choo" ilimpa neno analoweza kulishika kama jembe. Mimi, mwanawe, niliyesomea uandishi na kupata stashahada, nilimpa neno ambalo baada ya kulisikia ilimlazimu aniulize kama kuna kilichofanyika.

Katika mchezo huu wapo mabingwa wa ajabu. Mwaka 2015 Mnigeria Wellington Jighere alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza huko Perth, Australia, na Afrika nzima ikajivuna. Mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali hajui kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri maneno tu, kama mtu anavyokariri namba za simu. Namvulia kofia, maana kichwa kile si cha kawaida. Lakini nikimwangalia yule, kisha nikamwangalia mama anavyoitaja silabi kwa midomo, naona kwamba katika taarifa zangu nyingi za habari nimekuwa nikicheza mchezo wa yule wa kwanza.

Mama alikaa hadi siku ya daktari, akaongeza na wiki mbili za hiari. Kigoda hakikurudi mlangoni. Alipoondoka, mkeka wake tulibaki nao, na foronya ya herufi ipo. Kiingereza bado tunakicheza, sitaki mnielewe vibaya. Mitihani ya watoto haitangoja. Siku za Kiswahili ni Jumamosi na Jumapili, na simu huwekwa katikati ya mkeka kwa ajili ya rufaa.

Jumamosi iliyopita kijana wa kati aliweka "susu", dada yake akapinga, wakapiga Pangani. Mama akasema neno ni halali, na kwamba susu ni ule wavu wa kuning'inizia vyombo na chakula jikoni, paka wasifikie; akawaambia hata baba yao aliwahi kupigwa kwa kupanda kinu na kuiba samaki ndani ya susu. Hilo la samaki halikuhitajika katika hukumu. Kisha nikamsikia akiuliza, "Baba yenu yupo?"

"Yupo, Bibi."

"Mwulizeni kama keshapata ile sentensi."

Nikawaonyesha watoto kwa mkono waseme nimetoka.